Kamba ya haki: shajara ya maonyesho ya klabu yetu ya historia

Shajara hii ni ya mwalimu yeyote mwenye ukumbi, kamba na wanafunzi wabishi. Kazi yenyewe ni kutundika kwenye kamba, kadi kwa kadi, sababu zilizowafanya Wamarekani wa mwanzo wadai haki za mtu binafsi ziandikwe kwenye katiba yao. Klabu ina wanafunzi 22, mfuko una shilingi 80,000, na shule iko Tanga, jirani kabisa na bahari. Nitaongeza sehemu kila hatua ikiisha. Makosa nayaacha yalivyo, maana ndiyo yaliyokula hela.

18 Julai: kamba na kipimo

Tumenunua kamba ya katani meta 15 (sh. 6,000), manila 20 (14,000), maka sita (6,000) na vibanio vya nguo dazeni tatu (4,500). Bando la intaneti 10,000. Kila manila inatoa kadi nne.

Kipimo ni sentimita 10 kwa mwaka, na ukumbi una urefu wa meta 12. Nilitaka tuanze 1215, mwaka ambao makabaila wa Uingereza walimtia kabali Mfalme John mpaka akakubali kwamba mtu huru hatafungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Kijana wetu wa hesabu akapiga: kutoka 1215 hadi 1689 peke yake ni zaidi ya meta 47. Tungetoboa ukuta wa maabara. Basi tumeanza 1689, Bunge la Uingereza lilipowapokea William na Mary na kuwasomea masharti: hakuna jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge, hakuna dhamana za kukomoa, hakuna adhabu za kikatili. Kutoka hapo hadi 1791, haki za Wamarekani zilipoingia kwenye katiba yao, ni meta 10.2. Inabaki nafasi kidogo kabla ya mlango. Mlango huo ukumbukeni.

22 Julai: shilingi 35,000 majini

Nimechapisha bango la turubai kwa shilingi 35,000: MSWADA WA HAKI WA WAMAREKANI, 1791. Rangi nzuri, herufi kubwa. Mwalimu wa Uraia akapita, akasimama, akalisoma mara mbili. "Mwalimu, mswada si sheria. Ukipita unakuwa sheria, usipopita umekufa. Hawa watu wako walipitisha au bado wanajadili?"

Sikuwa na jibu. Niliuchukua msamiati nilioukuta umezoeleka bila kuupima. Hela ya bango jipya hakuna, kwa hiyo tumenunua rangi ya sh. 4,000, tukafuta MSWADA, tukaandika HATI kwa mkono. Herufi zimepinda kama meno ya mtoto, lakini maana imenyooka. Ukifuata kazi hii, mpe mtu asome kabla hujalipa.

Programu ya kutafsiri nayo imetuaibisha siku hiyo hiyo. Haki hizo ziliongezwa kwenye katiba kama marekebisho, na rekebisho la tatu linakataza askari kulazwa wakati wa amani kwenye nyumba za watu bila idhini ya mwenye nyumba. Kwa Kiingereza neno la kumpa askari malazi linafanana na lile la robo, na programu ikatuletea askari wanaogawanywa robo robo. Kadi ilikuwa imeshaandikwa na kupambwa, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameanza kuichora picha. Siielezi hiyo picha. Tangu leo tunatafsiri wenyewe.

29 Julai: kila kadi na kidonda chake

Kanuni tuliyojiwekea: rekebisho halitundikwi bila kisa kilicholizaa, na uzi mwekundu uunganishe viwili hivyo.

Upekuzi ndio uliowashika wanafunzi haraka kuliko yote. Maofisa wa forodha wa mfalme wa Uingereza mjini Boston, Amerika ikiwa bado koloni lake, walikuwa na hati zisizotaja jina la mtu, wala nyumba, wala mali inayotafutwa. Mwenye hati aliingia ghala lolote na nyumba yoyote kusaka magendo, na hati haikufa mpaka miezi sita baada ya mfalme mwenyewe kufa. Oktoba 1760 George wa Pili akafariki. Wafanyabiashara wakaona upenyo: hati za zamani zinakufa, mpya zisitolewe. Februari 1761 wakili James Otis akazishambulia mahakamani kwa saa kadhaa, akisema nyumba ya mtu ni ngome yake. Alishindwa. Lakini John Adams, kijana wa miaka 25, alikuwa amekaa pale anasikiliza, na uzeeni alisema uhuru wa nchi yao ulizaliwa ndani ya chumba kile.

Jina la hati hizo tulilitafsiri neno kwa neno, zikawa "hati za msaada". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akachora gunia la unga. Kwetu msaada ni chakula kinachoshuka bandarini. Tumebadilisha: "hati za upekuzi wa jumla". Gunia tumelibakiza nyuma ya kadi kwa kumbukumbu.

Askari majumbani. Sheria ya 1765 iliyataka makoloni yagharimie malazi na mahitaji ya majeshi ya mfalme. Mwaka 1768 vikosi vikashuka Boston, na usiku wa 5 Machi 1770 vikafyatua risasi katikati ya umati. Watu watano wakafa, mmoja wao Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Wanafunzi walitegemea kusikia askari wamenyongwa. Kumbe Adams yule yule akakubali kuwatetea, na wanane walipofikishwa mahakamani, sita waliachiwa, wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Kadi hiyo tumeifunga nyuzi mbili: moja kwenye rekebisho la tatu, nyingine kwenye la sita, lile la mshtakiwa kuwa na wakili.

Juri ilitusumbua. Mwanafunzi mmoja aliandika "wazee wa baraza", na ni kosa la akili, kwa sababu neno hilo lipo mahakamani kwetu. Lakini mbele ya jaji wa Mahakama Kuu yetu wazee wa baraza hutoa maoni tu, naye halazimiki kuyafuata. Juri ya Wamarekani ilikuwa kitu kingine, na kisa cha John Peter Zenger kinaonyesha tofauti. Zenger alikuwa mpiga chapa New York, gazeti lake likamchoma gavana William Cosby, akawekwa ndani karibu miezi tisa huku mkewe Anna akiendelea kulitoa gazeti. Agosti 1735 kesi ikasikilizwa. Kwa sheria ya wakati ule, kusema kweli juu ya mtawala hakukuwa utetezi: kazi ya juri ilikuwa kuthibitisha tu kwamba alichapisha, mengine jaji angeamua. Wakili wake, Andrew Hamilton, akakiri kwamba mteja wake alichapisha, kisha akawaomba wale watu 12 waamue wenyewe kama ni uongo. Wakamwachia. Jaji hakuwa na la kufanya. Ukielewa kisa hiki unaelewa kwa nini watu wale walikasirika kiasi kile 1765, kesi za kodi ya stempu, ile ambayo Bunge la London liliwatoza kwenye karatasi, zilipopangiwa mahakama za bahari zisizokuwa na juri. Neno tumeliacha "juri", na maelezo chini yake.

Kadi niipendayo ni ya 1766. Wakoloni walikuwa wakijitetea kwamba wao ni Waingereza, na haki za Mwingereza ni zao. Bunge la London likafuta kodi ya stempu, na siku hiyo hiyo likapitisha sheria ya kusema lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo, bila kubakiza. Maana yake, haki zenu zipo mpaka siku tutakayosema hazipo. Pale ndipo walipoanza kuwaza karatasi ambayo hata Bunge halitaivuka.

Mwisho wa kamba nimetundika 1776, mwaka wa kutangaza uhuru, kisha 1791. Nyuzi zote nyekundu zinatoka kwa mfalme na kuishia kwenye rekebisho. Imependeza. Nimejinunulia soda.

5 Agosti: swali lililoangusha kamba

Mwanafunzi wa kidato cha pili amesimama mbele ya kamba na mikono nyuma, kama mkaguzi. "Mwalimu, mkataba wa amani ni 1783. Mfalme ameshaondoka. Sasa hawa 1791 wanajikinga na nani?"

Nikajibu kwamba walikuwa wanaweka kumbukumbu. Jibu bovu, na alilijua. Kati ya 1783 na 1791 kamba yetu ilikuwa na sentimita 80 tupu na kadi moja tu ya 1787. Nyuzi zote zilikuwa zimeruka pale pale penye jibu. Mwenzake akamalizia: "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Nimeandika methali hiyo kwenye kadi na kuitundika, kwa sababu imejibu vizuri kuliko mimi.

Tumeshusha theluthi ya kamba. Kwa kipimo cha sentimita 10 kwa mwaka, kadi zote za 1787 hadi 1791 zilitakiwa zikae ndani ya sentimita 40. Tulijaribu, zikawa kama nguo za familia nzima kwenye kibanio kimoja. Dawa yake imekuwa kamba ya pili yenye kipimo chake: sentimita 20 kwa mwezi, kuanzia Mei 1787. Mpaka Desemba 1791 ni miezi 55, yaani meta 11. Imeingia ukumbini kama iliyopimiwa. Kamba meta 12 na nusu, sh. 5,000. Manila nyingine 10, sh. 7,000.

8 Agosti: kamba ya miezi

Hii ndiyo sehemu ambayo ningeanza nayo kama ningeambiwa nirudie kazi.

Wajumbe 55 walikutana Philadelphia majira ya joto ya 1787 kuunda serikali kuu yenye nguvu: itoze kodi, iwe na jeshi, iwe na mahakama zake. Tarehe 12 Septemba, joto limewachosha na wanataka kurudi makwao, George Mason wa Virginia akasema ingefaa katiba itanguliwe na tamko la haki, na kwamba kwa kutumia matamko ya majimbo kazi ingechukua saa chache. Hakubahatisha: tamko la haki la Virginia la Juni 1776 yeye ndiye aliyeliandika. Elbridge Gerry akatoa hoja rasmi. Majimbo yakapiga kura, na hakuna hata moja lililoiunga mkono. Siku tano baadaye wajumbe 39 wakatia saini. Mason, Gerry na Edmund Randolph wakakataa.

Tumetenga pande mbili za kamba kwa mabishano yaliyofuata. Juu ni waliosema hatuhitaji: serikali hii ina mamlaka machache yaliyotajwa, yale isiyopewa haiwezi kuyatumia. Alexander Hamilton aliuliza kwa nini tuseme uhuru wa magazeti usiminywe wakati hakuna mahali serikali imepewa uwezo wa kuuminya. Tena kuorodhesha ni hatari, maana utakachokisahau watasema hukuwa nacho.

Chini ni waliosema tunahitaji, na hapa wanafunzi wangu walihamia wote. Hoja ya kwanza ilikuwa ya Mason: katiba mpya inasema sheria za serikali kuu zinazipita sheria za majimbo, kwa hiyo matamko ya haki ya majimbo hayamkingi mtu tena. Mwavuli ulionao nyumbani haukusaidii mvua ikinyesha juu ya paa la nyumba nzima. (Mwavuli ni wa mwanafunzi, usimlaumu Mason.) Hoja ya pili ilikuwa mtego mzuri: kama kuorodhesha hakuhitajiki, mbona katiba yenu tayari imetaja haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya jaji, na juri kwa kesi za jinai? Ama mmeorodhesha bure, ama orodha yenu ni fupi.

Thomas Jefferson alikuwa balozi wao Paris. Desemba 1787 akamwandikia James Madison, mmoja wa wajumbe wa Philadelphia, kwamba tamko la haki ni stahili ya watu dhidi ya kila serikali duniani. Kila serikali, hata ya kuchaguliwa. Hilo ndilo jibu nililotakiwa kumpa mkaguzi wangu siku tatu zilizopita. Nimemwita, nimemsomesha kadi. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Kadi za kura za majimbo, kuikubali katiba au kuikataa, ndizo zilizoleta kelele. Massachusetts, Februari 1788: 187 kwa 168, tena baada ya kuahidiana kwamba mapendekezo ya marekebisho yatapelekwa. Virginia, Juni: 89 kwa 79. New York, Julai: 30 kwa 27. Kijana wa hesabu ameandika chini ya kila kadi ni wangapi wangehama ili matokeo yapinduke: kumi, sita, wawili. Wawili tu New York! North Carolina ikagoma kabisa mwezi Agosti, 184 kwa 84, ikitaka haki kwanza, ikaingia Novemba 1789. Rhode Island ikaja Mei 1790, 34 kwa 32.

12 Agosti: kadi ya Madison imekatwa vipande viwili

Nilikuwa nimemwandika James Madison kama baba wa haki tangu mwanzo. Uongo, na ni wangu mwenyewe. Oktoba 1788 alikuwa bado anamwambia Jefferson kwamba matamko ya haki ni vizuizi vya ngozi ya kuandikia: amewaona walio wengi katika kila jimbo wakivivuka pale wanapotaka. Mtu huyo huyo, 8 Juni 1789, anasimama bungeni kuwasilisha marekebisho. Kadi moja haiwezi kubeba watu wawili. Tumeikata, tukawa na kazi ya kujaza katikati.

Katikati kuna uchaguzi. Februari 1789 Madison aligombea ubunge dhidi ya rafiki yake James Monroe, katika wilaya ya Virginia yenye Wabatisti wengi. Na Wabatisti walikuwa na kumbukumbu. Kabla ya mapinduzi wahubiri wao walikuwa wakifungwa Virginia kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali. Madison alilijua hilo tangu ujana: Januari 1774 alimlalamikia rafiki yake kwa barua kwamba katika kata jirani watu watano au sita wema wako gerezani kwa sababu ya kutangaza imani yao. Sasa Wabatisti walitaka ahadi, na Januari 1789 akamwandikia mchungaji wao mmoja kwamba atasimamia marekebisho. Akapata kura 1,308 kwa 972.

Wanafunzi wamegawanyika. Nusu wanasema aligeuka kwa ajili ya kura. Nusu wanasema alishawishika kweli. Nimewaachia wabishane, ila nimeongeza kadi moja ya 1776. Mason aliandika kwamba watu wapate uvumilivu kamili katika dini. Madison, miaka 25, akapinga neno hilo, likabadilishwa kuwa kila mtu ana haki sawa ya kufuata dini yake kwa uhuru. Kwa Kiswahili tofauti inaonekana kuliko nilivyotarajia: anayekuvumilia leo anaweza kuchoka kesho. Hapa shuleni tuna Waislamu na Wakristo darasa moja, na hakuna aliyependa wazo la kuvumiliwa.

13 Agosti: kusi

Upepo umeingia madirishani usiku, kadi 31 ziko chini, tatu zimelowa. Kibanio kimoja kwa kadi hakitoshi pwani. Dazeni mbili zaidi, sh. 3,000, na uzito wa vifuniko vya soda nyuma ya kila kadi. Vifuniko bure.

26 Agosti: hesabu isiyokubali

Tumekwama siku mbili kwa sababu namba hazikulingana. Kadi moja inasema 17, nyingine 12, nyingine 10. Zote ziko sawa. Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho 17, mwezi Agosti 1789. Seneti ikayabana yakawa 12, yakapelekwa kwa majimbo Septemba. Majimbo yakaridhia 10, na Virginia ikakamilisha idadi ya majimbo iliyotakiwa tarehe 15 Desemba 1791.

Kutoka hapo kosa la pili likajitokeza. Bango letu dogo lilisema uhuru wa dini, kusema, magazeti na kukusanyika umewekwa wa kwanza kwa sababu ndio mkuu kuliko yote. Sentensi tamu, haina msingi. Kwenye orodha iliyopelekwa ulikuwa wa tatu. Wa kwanza ulihusu idadi ya wabunge, wa pili posho zao, na yote mawili yaliangushwa na majimbo wakati ule. Bango dogo limeenda jikoni kuwashia moto.

Tena Madison hakutaka orodha mkiani. Alitaka maneno yachomekwe ndani ya katiba yenyewe, kila haki mahali pake. Roger Sherman wa Connecticut akashikilia yabandikwe mwishoni, akashinda. Bila ubishi wake pengine tusingekuwa na kitu cha kutundika.

Na kuna kadi ya iliyoanguka Seneti. Madison alikuwa na pendekezo la kuyazuia majimbo nayo yasivunje uhuru wa dhamiri, wa magazeti na juri ya kesi za jinai. Yeye aliliona lina thamani kuliko mengine yote. Seneti ikalikataa. Tumeitundika kichwa chini.

2 Septemba: mgambo

Rekebisho la pili, la haki ya watu kuwa na silaha, tulilikimbia mpaka mwisho, na sababu ni neno moja. Kamusi inatoa "wanamgambo". Wanafunzi wakaangua kicheko: mgambo kwao ni anayemfukuza mama muuza ndizi na kubeba beseni lake. Mmoja akauliza kama Wamarekani waliandika kwenye katiba kwamba mgambo wawe na bunduki. Mwingine akapendekeza "sungusungu". Hao ni wa kukamata wezi wa ng'ombe, nao hawakufaa.

Tumeandika kwa urefu: "wanaume wa mji, wenye silaha zao za nyumbani, wanaoitwa kwa zamu kuulinda." Halafu visa viwili vya Aprili 1775: tarehe 19 askari wa mfalme kutoka Boston walifika Concord kuchukua silaha zilizofichwa, na usiku wa kuamkia tarehe 21 gavana Dunmore wa Virginia akaamuru baruti ya ghala la Williamsburg ibebwe melini. Hofu ilikuwa jeshi la kudumu mkononi mwa mtawala huku raia wakiwa mikono mitupu. Kadi imekuwa ndefu kuliko zote na haijakaa vizuri. Naiacha.

11 Septemba: kamba inatoka mlangoni

Tulikuwa tunajiandaa kufungua. Msichana wa kidato cha tatu, mkimya kawaida yake, akauliza kuhusu Crispus Attucks. "Yupo kwenye kamba kama maiti tu. Watu kama yeye, hizi haki walipata?"

Kamba yetu iliishia 1791 na mlango ulikuwa pale. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000 kati ya watu kama milioni 3.9. Mason, mwandishi wa maneno kwamba watu wote kwa asili ni huru, alikuwa na watumwa. Madison vilevile. Walijua utumwa ni nini, waliutumia kila siku kuelezea walichomwogopea mfalme.

Kwa hiyo tumeongeza kamba, meta 20, sh. 8,000, kwa kipimo kile kile. Kadi ya 1798 bado iko ndani, jirani na mlango: miaka saba tu baada ya kuandika uhuru wa magazeti, Bunge lao likapitisha sheria ya uchochezi, na mbunge Matthew Lyon wa Vermont akafungwa miezi minne kwa aliyoandika juu ya rais. Wapiga kura wakamrudisha bungeni akiwa gerezani. Kadi ya 1833 imeangukia barazani. John Barron alikuwa na gati Baltimore, jiji likageuza mikondo ya maji, mchanga ukajaa, meli zikashindwa kufunga. Akadai fidia kwa rekebisho la tano. Mahakama Kuu ya Marekani ikamjibu kwamba marekebisho yale yanaifunga serikali kuu peke yake, jiji na jimbo hayamo. Tumevuta uzi mwekundu kutoka pale mpaka kwenye kadi iliyo kichwa chini. Ni uzi mrefu kuliko wote, unapita juu ya vichwa vya watu, na mzee mmoja umemshika kofia.

1868, rekebisho la 14, lililowapa uraia waliokuwa watumwa na kuyafunga majimbo, liko uani, karibu meta sita nje ya mlango. Msichana ameitundika yeye.

19 Septemba: ufunguzi na hesabu

Wazazi wamekuja wengi kuliko viti. Mzee mmoja, hakimu mstaafu, amesoma kamba ya miezi taratibu mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, na sisi tumengoja." Akahesabu kwa vidole: Katiba ya Tanganyika ya 1961 haikuwa na sura ya haki. Ya Muungano ya 1977 iliipata 1984, na mahakama zikaanza kusikiliza mashauri yake 1988. Nimemwomba arudi klabuni atueleze mwenyewe. Shikamoo yangu aliipokea, jibu la ombi bado.

Jumla ya matumizi: sh. 102,500. Zilizozidi mfuko, 22,500, zimetoka kwangu. Bila bango la mswada na rangi ya kulifichia tungemaliza kwa 63,500.

Kilichobaki ni kadi ya mwisho. Lile pendekezo la pili lililoanguka, la posho za wabunge, halikuwekewa kikomo cha muda. Mwaka 1982 mwanafunzi wa chuo kikuu Texas aliandika insha akidai bado linaweza kuridhiwa, akapewa alama C. Akaanza kuyaandikia majimbo barua, na 1992 likawa rekebisho la 27. Kwa kipimo chetu kadi hiyo inaangukia meta 18 na kitu nje ya mlango, kwenye mwembe, na ndipo tulipoifunga.

Leo saa sita mkaguzi wangu wa kidato cha pili amekuja ofisini na insha yake ya muhula uliopita. Anataka niisome upya.